Kengele ya Tulivu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lingine lolote, salamu za mtu aliyekaa kimya kupita kiasi na anayejua hivyo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako cha dirishani wala si kitandani, na kwamba ile nyonga waliyokupasua imeanza kukuruhusu kupanda ngazi tatu za mbele bila kushikwa mkono. Shemeji alituandikia kuwa tayari umeanza kuwafokea wauguzi wanaokuja kukunyoosha mguu. Tuliposoma hayo, wifi yako na mimi tulitazamana tukacheka, kwa maana tulijua unapona. Wapwa wangu nao wasalimie. Mwambie yule wa mwisho kwamba nimesikia habari za mtihani wake, na kama hesabu zimemshinda, basi natumaini angalau zimemshinda kwa mwandiko mzuri.

Huku nyumbani tu wazima. Wifi yako magoti yake yanapanda na kushuka, nami ningali nakohoa ile chaki ya miaka thelathini na minne. Zaidi ya hapo hatulalamiki.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umeniuliza kwa nini sikuja ulipolazwa, wiki tatu nzima, ilhali kila saa ya kutazama wagonjwa ulikuwa ukiukodolea macho mlango. Ukaandika kwamba ikiwa ninangoja kuja kukuzika, nikupe taarifa mapema ili usijisumbue kupona. Umeuliza pia mbona tangu Tulivu azae sijakutumia hata picha moja ya mtoto wake, na mbona wifi yako, kila ukimpigia simu, hujibu tu kwamba mwenyewe nitakueleza. Ni haki yako kuuliza. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini umenicheka miaka mingi kuwa kwenye simu nazungumza kana kwamba nahutubia watoto mstarini asubuhi, na haya ninayotaka kuyasema hayafai kuhutubiwa. Kwa hiyo nimeketi kwenye chumba cha baba, mbele ya dirisha linalotazama ua wa farasi, na sitainuka mpaka niyamalize. Ndani ya bahasha hii umeona ukurasa mmoja uliokunjwa. Tafadhali usiufungue kwanza. Usome barua, kisha uufungue.

Dada, mtoto wa Tulivu alizaliwa kipofu.

Alizaliwa siku ya mapumziko, saa nne asubuhi, magari ya farasi yakiwa hayajatumwa tanurini kubeba matofali. Kijembe ndiye aliyemvuta. Unamkumbuka vizuri huyo mwendesha gari wetu, na unakumbuka kwa nini watu walimpa jina hilo. Mtoto alisimama kabla ya saa moja kutimia, miguu kama vijiti vinne vilivyoazimwa, akapiga hatua tano akaupiga ukuta wa banda kwa kichwa. Kijembe alicheka akasema kwamba huyu ametoka tumboni amelewa, atatufaa sana maana anafanana na wapiga matofali wa mwisho wa mwezi. Mtoto akarudi nyuma, akajipanga, akatembea tena, akaupiga ukuta uleule mahali palepale. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Kijembe alimpungia kofia mbele ya uso, na yale macho hayakupepesa. Yalikuwa na rangi ya maji yaliyotiwa maziwa kidogo.

Daktari wa mifugo alikuja siku hiyohiyo. Ni mwanamke kijana, hana maneno mengi, na huvua saa yake kabla ya kumgusa mnyama yeyote. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, akakaa amechuchumaa kwa muda kana kwamba anangoja moja libadili mawazo. Kisha akanieleza kuwa macho yote mawili hayakuumbika ndani, kwamba hakuna dawa wala upasuaji, na kwamba sindano moja akichomwa leo itakuwa huruma kuliko lolote nitakalomfanyia baadaye. Nilimwomba wiki moja. Akanijibu, bila ukali, kwamba leo mtoto huyu tunambeba watu wawili, lakini baada ya mwaka mmoja na nusu hatabebwa na mtu, na farasi kipofu akishtuka hajui anampiga teke nani. Nilimwomba tena wiki moja. Akaniuliza baba wa mtoto ni farasi gani. Nilimjibu kama nilivyokuandikia wewe: kwamba dume la watu wa machimbo ya mchanga liliruka ua wetu. Aliandika hivyo kwenye kitabu chake akaenda zake.

Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko wiki zote za dunia, maana haijaisha mpaka leo.

Nisikudanganye kwamba ilikuwa huzuni tupu. Tulimfungia Tulivu kengele ya shaba shingoni, ile ambayo baba alikuwa akiitundika kwenye gari la mbele nyakati za ukungu, na ndani ya siku mbili mtoto alimfuata mama yake uani kama uzi nyuma ya sindano. Tulimwaga kokoto kuuzunguka ua wote, upana wa hatua mbili, ili kwato zimwambie kwamba mbele kuna senyenge. Tukaweka sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kumgusa kabla ya kumsemesha. Ya pili, hakuna kitu kinachohamishwa uani, iwe toroli, hori, ndoo au benchi. Wifi yako, ambaye unajua anavyopenda kupanga na kupangua, aliweka beseni lake la nguo karibu na bomba siku ya kwanza ya sheria, na beseni hilo liko hapohapo mpaka leo. Anasema ameolewa na mwalimu mkuu na sasa anaishi kwenye jumba la makumbusho.

Jina alipewa na Kijembe. Kwa kuwa mtoto alikuwa akikisogelea kila kitu polepole na kukinusa toka chini hadi juu, kisha kutoa pumzi kwa nguvu kama ambaye hakuridhika, Kijembe alisema huyu ni mkaguzi wa shule, na anashangaa kuwa nimestaafu lakini bado wananifuata. Basi akawa Mkaguzi. Kijembe mwenyewe, kila alipoingia langoni, alilazimika kujitangaza, naye alijitangaza kwa vyeo: kwamba amewasili mtukufu mbeba matofali, mume wa mke mmoja mwenye kelele za wawili, na Mkaguzi akipenda amkague. Mimi sikuwa na vyeo vya kutosha kumsemesha mnyama kutwa nzima, kwa hiyo nikaanza kumsomea jedwali la kuzidisha. Usicheke. Nilipokuwa nikimsugua mgongo nilianza na mbili mara mbili, na tulipofika kwenye saba masikio yote mawili yalikuwa yamenielekea. Nimefundisha watoto wenye macho mazima ambao hawakuwahi kunisikiliza hivyo.

Kisha Tulivu akafa. Hilo nilikuandikia, kwamba tumbo lilimsokota na daktari hakuwahi. Ambalo sikukuandikia ni kwamba Mkaguzi alikuwa na miezi minane, na kwamba tulipomwondoa mama yake alisimama pale mama huyo alipokuwa amelala, pua ikiwa ardhini, siku tatu mfululizo. Hakula, na maji aliyanywa kwa kulazimishwa. Nikasoma jedwali mpaka la kumi na mbili, halikumsaidia kitu.

Siku ya nne nilifanya kosa ambalo ndilo linalonifunga mpaka leo. Nilichukua ile kengele niioshe damu na tope, nikiwa nimesimama penye bomba, upande wa pili wa ua. Haikunijia kwamba kengele, hata ikiwa ndani ya ndoo, ni kengele. Ililia. Mkaguzi aliinua kichwa, akatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake, akaja mbio. Alipiga benchi, akapiga toroli, goti likachanika, wala hakupunguza mwendo mpaka aliponifikia. Akanipapasa kwa pua kifuani, tumboni, kiunoni, akitafuta maziwa. Halafu akaweka kichwa chake chini ya kwapa langu akatulia, anatetemeka mwili mzima. Ungekuwa wewe, unayewajua farasi, pengine ungeiweka kengele chini pale pale ukaondoka, akalia siku zake akamaliza. Mimi niliifunga kiunoni.

Niliifunga kwa mkanda wa suruali nikajiambia kuwa ni kwa siku hiyo tu. Tangu hapo imepita miezi kumi. Nikienda bafuni naye husimama nyuma ya ukuta. Nikila hukaa dirishani. Wifi yako alisema mwanzoni kwamba afadhali, maana sasa anajua mume wake yuko wapi wakati wote, lakini utani huo ameuacha siku nyingi. Tulijaribu kumfungia Kijembe kengele. Mkaguzi alimwendea, akamkagua, akajua ametapeliwa, akageuka. Tulimfungia wifi yako, na yeye akasukumwa akaangukia kwenye lile beseni lake. Nadhani kengele peke yake haimtoshi tena. Anaitaka iwe na harufu yangu na ile sauti yangu ya mstarini. Nilichokitengeneza ni mama, dada, na mama huyo ni mimi, mzee wa miaka sitini na mitatu mwenye kikohozi.

Mwezi wa tano baada ya Tulivu kufa nilikwenda kumzika mwalimu mwenzangu. Nisingeweza kusimama kaburini nikilia kama muuza barafu, kwa hiyo niliivua kengele nikaiacha mezani. Kwa saa tatu tu. Niliporudi, Mkaguzi alikuwa amevunja lango la ndani, amejipasua kifua kwenye senyenge, na Kijembe, aliyejaribu kumzuia, alikuwa ameketi chini akiushika mkono wake wa kushoto kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake. Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili. Akasema kwamba leo mkaguzi ameandika ripoti yake.

Sasa nifike kwako. Shemeji alipopiga simu kwamba unapasuliwa, siku ya pili yake nilifunga begi. Niliweka mashati mawili, miwani, na yale matunda makavu unayoyapenda, na juu ya yote nikaweka kengele, kwa sababu niliogopa kuiacha mtu akaigusa. Nilitoka kwa mlango wa mbele ili asinisikie. Lakini kengele ililia begini kwa kila hatua, nami nilikuwa nimeizoea mno mwilini mwangu hata sikuisikia. Yeye aliisikia. Alinifuata kando ya ua mwanzo hadi mwisho, mimi barabarani, yeye ndani, mpaka ua ulipoishia. Pale kokoto zilimwambia asimame. Hakusimama. Niligeuka nikamwona kifua chake kimeegemea senyenge, kidonda cha zamani kimefunguka, anasukuma, hapigi kelele, anasukuma tu, masikio yameelekea kwenye begi langu. Basi lilikuja likasimama. Kondakta aliniuliza kama ninapanda au ninaliaga basi. Lilipoondoka, nilikuwa nimesimama palepale.

Ndiyo maana sikuja, dada yangu. Ulikuwa ukiutazama mlango, nami nilikuwa nikimfunga bandeji farasi.

Sasa ana mwaka mmoja na nusu. Mgongo wake unanifika mabegani, na uzito wake siwezi kuukadiria. Mwezi uliopita alishtushwa na debe lililoanguka kwa jirani, akanibana ukutani mpaka nikapoteza pumzi. Hakukusudia. Alikuwa anakimbilia kwangu. Daktari alikuja kunitazama mimi kwanza, kisha yeye, akasema maneno yaleyale aliyoyasema siku ya kwanza, tofauti tu ni kwamba safari hii aliyasema akiwa ameshika mkono wangu. Akasema pia kwamba siku nitakayoanguka, kwa kikohozi au kwa umri, mnyama huyu atajiua kwenye senyenge akinitafuta, na haitakuwa kwa dakika moja. Nilimwambia nahitaji muda. Akaniuliza ninangoja nini. Nikamwambia nangoja sahihi ya dada yangu.

Na hapo ndipo ninapopaswa kusema ambalo nimelizunguka kurasa zote hizi.

Unakumbuka sharti la baba, maana ulikuwepo alipotusomea. Farasi hapandishwi, hauzwi wala hauawi mpaka mimi na wewe tuweke sahihi chini ya jina lake kwenye daftari lile jeusi. Tangu uolewe mbali, kurasa zimekuwa zikisafiri kwa posta, unatia sahihi, zinarudi, nazibandika mahali pake. Hatukuwahi kulivunja sharti hilo, wewe na mimi. Ndivyo unavyoamini.

Dume la machimbo ya mchanga halikuruka ua wetu. Baba wa Mkaguzi ni Jemadari.

Najua uliandika nini pembeni ya jina la Tulivu. Sikupitiwa. Uliandika kwa mkono wako, kwa wino wa bluu, kwamba huyu asipandishwe kamwe na Jemadari kwa sababu ni baba yake, na kwamba baba yetu alishaliona hilo likizaa mtoto aliyepinda miguu. Nililisoma nikalielewa kama ninavyolielewa jina langu. Lakini Jemadari alikuwa amebakiza meno manne na msimu mmoja. Alikuwa farasi wa mwisho aliyelelewa na mikono ya baba, mwenye ule mstari mweupe usoni, na mtoto wake pekee aliyesalia alikuwa Tulivu. Nilitaka kumwona farasi wa baba akitembea uani mara nyingine tena kabla sijafa. Nilijua ukiletewa ukurasa huo utakataa. Kwa hiyo sikukuletea.

Kijembe alikataa kumshika Tulivu mpaka aone sahihi mbili, maana ndivyo alivyofunzwa na baba. Nikaenda ndani nikakaa kwenye kiti hiki nilichokikalia sasa. Mimi, niliyewahi kumsimamisha mtoto wa darasa la tano mbele ya shule nzima kwa kughushi sahihi ya mama yake, nikaandika jina lako. Nilitoka nikampa daftari. Kijembe aliitazama sahihi ile kwa muda mrefu, akasema kwamba tangu dada aende mbali mwandiko wake umenyooka kweli, siku hizi anaandika kama mwalimu. Kisha akamshika Tulivu. Hajalitaja tena jambo hilo. Hata siku mtoto alipoupiga ukuta mara ya tatu hakulitaja, wala siku mkono wake ulipovunjika. Mtu ambaye hakuna aliyewahi kumfunga mdomo amenyamaza miaka miwili na zaidi, nami kila asubuhi anapojitangaza langoni kwa vyeo vyake nangoja alitaje, na halitaji.

Daktari nimekwisha kumwambia ukweli. Alifuta alichoandika siku ile akaandika upya. Alisema hawezi kuapa kuwa ndiyo sababu, lakini hakutaja sababu nyingine.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Hilo litakuja au halitakuja kwa wakati wake. Wala sijui ninakuomba nini hasa. Nikimwacha aishi, ninamlea kwa ajili ya siku nitakayoanguka. Nikimwita daktari, nitalazimika kusimama pembeni yake na kengele kiunoni ili atulie, kwa sababu bila mimi hatasimama. Atakuja kwa kengele ile kama alivyokuja siku zote. Nimelifikiria kutoka kila upande na kila upande nimekuta ukuta, mahali palepale.

Wifi yako anakusalimu sana na anasema nyonga isikufanye uache kula. Kijembe naye, nilipomwambia kuwa nakuandikia yote, alisema nikusalimu, na nikwambie kwamba mwandiko wako halisi ulikuwa mbaya lakini aliupenda. Mbusu kila mpwa wangu kwa niaba yangu. Ukiona wino umeparuzika hapo juu kwenye jina la Tulivu, ni kwamba nilichovya kalamu, kengele ikalia, naye akapitisha kichwa dirishani akanipiga bega. Bado yuko hapa. Anaikagua barua.

Sasa fungua ule ukurasa. Utaona jina la Mkaguzi, tarehe, na neno moja la ruhusa ambalo mkono wangu ulichukua asubuhi nzima kuliandika. Chini yake kuna mistari miwili. Juu ya wa kwanza nimeweka sahihi yangu, ili usiseme nimekutwisha mzigo nikabaki mikono mitupu. Wa pili ni wako, na unaweza kuuacha kama ulivyo. Mimi sitauandikia kitu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyeniita Bwana Mstarini